Koplo Aliyesahauliwa Katika Santuri ya Katwe

Mwaka jana familia moja ya hapa Kampala iliniomba niiandikie wasifu wa marehemu baba yao, koplo mstaafu wa polisi, ili usomwe siku ya mazishi. Kazi yangu jeshini ni uhusiano na umma, na kuandika wasifu ni jambo ambalo nimelizoea, kwa hiyo sikuona taabu. Nilipewa bahasha ya karatasi zake. Nikaandika tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuandikishwa, vituo alivyotumikia, tarehe ya kustaafu, mke, watoto na wajukuu. Wasifu ukasomwa, watu wakausikiliza kwa heshima, jeneza likateremshwa kaburini. Ndipo mzee mmoja, sajini mstaafu wa polisi aliyekaa na marehemu katika kambi ya Nsambya walipokuwa vijana, aliponivuta kando ya migomba.

"Afande, umeandika vizuri," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini hukusema kwamba alipiga gita."

Nilimjibu kwamba sikujua, na kwamba katika karatasi zile hapakuwa na neno lolote juu ya gita.

"Karatasi haziwezi kusema. Alipiga katika bendi yetu ya dansi ya kambini. Na santuri ipo. Tulipanda gari moshi usiku kwenda Nairobi, mimi nikiwa mbeba vyombo, wakarekodi wimbo mmoja, tukarudi. Ni mwaka 1974 au 1975. Wewe si ndiye unayepekuapekua santuri chakavu sokoni? Basi itafute hiyo."

Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na tabia hiyo, na wenzangu katika bwalo la maofisa wameifanyia mzaha wa kutosha. Lakini mpaka siku ile nilikuwa nikikusanya kwa kujifurahisha tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kutumwa, tena na mtu aliyeniona nimepunguza maisha ya mwenziwe kwa kalamu yangu mwenyewe.

Vijana wengi walioandikishwa katika miaka hii hawajapata kushika santuri mkononi, kwa hiyo hapana budi nieleze kidogo. Santuri ninayoizungumzia ni ile ndogo, yenye upana wa inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika. Kampuni ya RCA Victor ya Marekani ndiyo iliyoitoa kwa mara ya kwanza, mwaka 1949. Kabla yake zilikuwako santuri nzito za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Hizo zikianguka sakafuni huvunjika kama sahani ya udongo. Ile ya 45 ni ya vinili. Ni nyepesi, husafirishwa kwa urahisi, na bei yake iliweza kulipwa na mtu wa mshahara mdogo.

Kila upande huchukua dakika tatu, nne au tano hivi. Kwa muziki wetu wa dansi dakika hizo hazikutosha, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Katika upande wa kwanza mwimbaji hutoa kisa chake, mara nyingi kisa cha mapenzi au cha mshahara ulioisha kabla ya mwezi. Katika upande wa pili magita huchukua uwanja na watu wakainuka kucheza. Ndiyo maana santuri nyingi ninazozikuta zimechakaa zaidi upande wa pili. Msikilizaji alikuwa mmoja lakini wachezaji walikuwa wengi.

Wanamuziki wa Uganda wa zama zile walikwenda Nairobi kurekodi, kwani huko ndiko zilikokuwa studio kubwa na wachapishaji. Miongoni mwa lebo zilizovuma katika miaka ya 1960 ilikuwa Equator, iliyoongozwa na Charles Worrod, Mwingereza. Katika kundi la studio hiyo walipiga pamoja Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, na Charles Sonko wa kwetu Uganda. Wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", ulichukuliwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana huko. Kwetu walitamba Elly Wamala, aliyefariki mwaka 2004, na Fred Masagazi, aliyefariki mwaka 2009, ambaye wimbo wake "Atanawa Musolo" unamhusu mtu asiyelipa kodi. Askari wa zamani waliowahi kutumwa vijijini kuwasaka wenye deni la kodi ya kichwa, ile iliyosimamishwa mwaka 2005, huutabasamia wimbo huo kwa namna ambayo raia hawezi kuielewa.

Majina hayo yanajulikana, na nyimbo zao bado husikika redioni. Mkusanyaji hutafuta zaidi zile za chini yake: bendi iliyorekodi mara moja tu ikavunjika, mwimbaji ambaye hakuna gazeti lililomwandika, lebo iliyotoa santuri chache ikafilisika. Na katika fungu hilo la waliosahauliwa, ndugu msomaji, wamo wengi waliovaa sare.

Uhusiano wa kambi na gita ni wa zamani. Fundi Konde, mtu wa pwani ya Kenya aliyefariki mwaka 2000, alikuwa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akawa miongoni mwa wapiga gita waliosikika sana katika santuri za mizunguko 78. Katika miaka ya 1970 kikosi cha Masaka kilikuwa na bendi yake, Suicide Revolutionary Jazz Band. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na Polisi Jazz, na jeshi lao likawa na Mwenge Jazz. Lakini bendi hizo za Tanzania zilipata bahati moja: Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi katika utepe na kuzihifadhi, hata leo mtu akitaka kusikia sauti zao ana pa kuanzia. Kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi.

Mwezi wa Agosti 1972 Waasia waliamriwa kuondoka katika muda wa siku 90, na wao ndio waliokuwa na maduka mengi ya mjini, yakiwamo ya vyombo vya muziki. Vita vya mwaka 1979 vilipofika Kampala uporaji ulifuata nyuma yake. Kisha zikaja kanda za kaseti, ambazo mtu yeyote mwenye mashine mbili angeweza kuzinakili chumbani mwake, na katika miaka ya 1980 santuri ndogo ikafa kifo cha kawaida, bila kupigwa risasi na mtu. Zilizosalia zikaingia chini ya vitanda, darini, na katika magunia.

Nilianza msako wangu Owino, soko ambalo lilifunguliwa mwaka 1971 na ambalo jina lake rasmi sasa ni St Balikuddembe. Siku hizo nilikuwa na ushahidi mdogo sana. Mzee hakukumbuka jina la wimbo. Alikumbuka kwamba karatasi ya katikati ilikuwa ya rangi ya kijani, na kwamba santuri haikutoka kwa jina la bendi ya kambi bali kwa jina la mwimbaji "na kundi lake". Aliweza, hata hivyo, kuuimba mdomoni. Nikamrekodi kwa simu yangu, dakika mbili za mzee akivuma kwa puani na kugonga meza kwa vidole, nikaingia nazo sokoni.

Asiyelijua soko hilo asidhani kwamba lipo banda lenye kibao cha "santuri". Unapita kwenye mivumba, viatu, masufuria, hadi kwa wale wanaouza vyombo vya umeme vilivyokufa, na hapo unauliza. Mara nyingi mwenye banda hucheka. Siku moja mmoja alinijibu, "Ssebo, hizo zilikuwa nyingi kabla ya moto," akimaanisha moto wa Februari 2009. Mwingine alinitolea rundo lililofungwa kwa kamba ya mkonge: nyimbo za Krismasi za Wazungu, mafunzo ya lugha ya Kifaransa, santuri mbili za Kikongo bila maganda, na moja iliyopinda kama chapati kwa joto la mabati. Alitaka shilingi 5,000 kwa kila moja. Nilipoonekana kuitazama moja kwa makini zaidi bei ikapanda ikawa 20,000. Tangu hapo nimejifunza kutazama zote kwa uso uleule, kama mtu anayekagua gwaride.

Wauzaji sasa wanajua kwamba wako wageni wanaozitaka, na sharti niseme kwamba wageni hao wamefanya kazi ambayo sisi tuliiacha. Kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko ulioitwa "Kenya Special" mwaka 2013, na wa pili mwaka 2016, ambao kwa sehemu kubwa ulitokana na santuri hizi ndogo. Mwaka 2016 Sterns nao wakatoa "Urgent Jumping!", nyimbo za dansi za Afrika Mashariki. Jijini Nairobi liko banda katika soko la Kenyatta linalojulikana hata Ulaya kwa santuri zake. Simlaumu mgeni anayenunua kwa haki. Ninachosikitikia ni kwamba mgeni hawezi kujua nani alipiga nini, na karatasi ya santuri haitamwambia.

Hebu tuitazame karatasi hiyo. Ina jina la lebo, namba ya santuri, jina la wimbo na la mtunzi, jina la bendi au la kiongozi wake, na neno la sehemu ya kwanza au ya pili. Basi. Mpiga besi hayupo. Mpiga ngoma hayupo. Hata karatasi ikiwa imechanika, namba iliyochorwa kwenye vinili yenyewe, pale mifereji inapokwisha karibu na katikati, hubaki ikisomeka ukiielekeza kwenye mwanga, na kwa namba hiyo unaweza kuitambua santuri. Lakini namba haina masikio. Wanaoweza kusema "huyu ni fulani" ni wale waliokuwako, na wengi wao sasa ni watu wa miaka sabini na themanini. Mimi nimekuwa nikinunua santuri kwa miaka sita, nikizisafisha na kuzipanga, nisiwahi kumpelekea mzee hata mmoja azisikilize. Kosa hilo nililitambua kando ya ile migomba.

Nilipekua Owino mara nne. Nilikwenda Jinja, ambako mwenye baa moja ya zamani alikuwa na mabaki ya mashine iliyopiga santuri baada ya kutumbukizwa sarafu. Ndani yake mlikuwa na kiota cha panya. Nilimwandikia afisa mmoja mstaafu ambaye alisifiwa kwa maktaba yake, naye akanijibu kwa adabu kwamba mchwa walimtangulia kusoma.

Mwishowe nilifika Katwe, kwa fundi wa redio ambaye kibanda chake ni kidogo kuliko hema la doria. Nilimsikilizisha ile sauti ya simu. Alitulia, kisha akaanza kuvuma pamoja na mzee, akamtangulia hata kwenye kiitikio. Akavuta kreti ya soda kutoka chini ya meza. Zilikuwamo santuri zipatazo arobaini, zimesimamishwa wima kama inavyotakiwa, na ya kumi na kitu ilikuwa na karatasi ya kijani, nusu yake imechanika.

Alisema aliipata pamoja na nyingine kutoka kwa mteja aliyeshindwa kulipa gharama ya matengenezo, na mteja huyo amekwisha kufa. Tukapatana shilingi 15,000. Nilipoigeuza kwenye mwanga ndipo nilipoona, upande wa pili, muhuri wa wino wa zambarau wa maktaba ya kituo kimoja cha utangazaji, na namba ya kuandikishwa chini yake.

Ndugu zetu polisi watanielewa. Kitu chenye muhuri wa mali ya umma hakiwi halali kwa sababu tu kimepita katika mikono mitatu na mmoja wao ni marehemu. Kwa upande wa pili, ningeiacha pale ingekwenda wapi? Nilimweleza fundi wazi kwamba ninaichukua ili irudishwe, nikamwomba anipe hati ya malipo yenye tarehe. Aliniandikia nyuma ya karatasi ya betri, akitikisa kichwa, maana hajapata kuona mtu akinunua kitu ili akitoe.

Nyumbani niliiosha kwa maji vuguvugu yenye tone la sabuni, kwa kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mifereji wala si kuikata. (Wapo wanaotumia spiriti. Kwa vinili haina madhara makubwa, lakini usithubutu kwa zile za mizunguko 78, kwani spiriti huyeyusha ule utomvu na santuri ikaharibika palepale.) Nikaibadilisha sindano, kwa sababu sindano iliyochakaa hulima mifereji kama jembe. Kisha nikaichukua mashine kwa gari, nikaenda kwa mzee.

Alikuwa amevaa koti. Sijui alimtegemea nani zaidi ya mimi na santuri. Alikaa karibu na spika, mkono mmoja gotini, nikaiweka sindano.

Ilianza kwa mikwaruzo, halafu gita la solo likaingia, tamu na jepesi, nami nikamtazama kwa furaha nikidhani nimemrudishia rafiki yake. Akatikisa kichwa.

"Hili la juu si lake," alisema. "Huyu ni kijana wa Tororo. Ngoja." Akainua kidole. "Lake ni hili la chini. La rithim. Hili linalobeba."

Nilikuwa sijalisikia. Kwa kweli lilikuwa likipigwa tangu mwanzo, mfululizo mmoja usiokatika, chini ya sauti ya mwimbaji na chini ya solo, na mtu akiisha kuonyeshwa hawezi tena kuacha kulisikia. Mzee akaendelea kuwataja: mpiga besi, ambaye alikuwa dereva wa kambi, mpiga ngoma, ambaye baadaye alihama kazi akawa mwalimu, watu wawili wa kuitikia, mmojawapo mke wa konstebo, jambo ambalo, alisema, lilileta maneno kambini. Tarumbeta ya upande wa pili ilikuwa ya mtu wa bendi ya gwaride aliyeazimwa kwa siku mbili. Niliandika majina saba. Mara moja tu alinyamaza, kwenye sehemu ya pili, pale solo inapoachia na kwa muda mfupi rithim inabaki peke yake na ngoma. Aliniomba nirudishe sindano hapo. Nilirudisha mara tatu, ingawa kwa santuri ya umri huo si vyema.

Siku ya tatu baada ya hapo nilifunga santuri ndani ya bahasha ngumu, nikaandika barua rasmi ya kuirudisha pamoja na yale majina saba, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi inayohusika. Nilipokewa vizuri. Karani alinieleza kwamba daftari la namba zile halionekani, na kwamba kwa sasa hawana mashine ya kuipigia, hivyo haiwezekani kuthibitisha kama ni yao. Nikaambiwa niache barua na kubaki na santuri mpaka nitakapoitwa. Nimefikiria pia Chuo Kikuu cha Makerere, ambako ipo hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, yule aliyesimamia Makumbusho ya Uganda na kurekodi muziki wa nchi hii katika miaka ya 1949 hadi 1954. Lakini kitu chenye muhuri wa ofisi moja hakipelekwi ofisi nyingine bila ruhusa, na mimi ndiye niliyeanzisha habari ya utaratibu.

Watoto wa marehemu wamekuja kuusikiliza wimbo nyumbani kwangu. Binti yake mkubwa aliuliza kama wanaweza kupewa nakala ya kuuza katika sherehe ya kumaliza msiba ili kuchangia gharama. Nilimweleza kwamba kuwa na santuri si kuwa na wimbo. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na kama mtunzi au warithi wake wapo, hao ndio wa kuulizwa kwanza, labda kwa kupitia chama cha UPRS kilichoundwa mwaka 1985. Alikubali, ingawa nilimwona hakufurahi. Mzee sajini anasema mtunzi alikuwa na mtoto wa kiume Mbale. Nitakwenda huko likizo yangu ijayo.

Barua yangu haijajibiwa. Santuri imesimama wima katika kabati la ofisi, mbali na dirisha, ndani ya bahasha yenye hati ya fundi wa Katwe. Wasifu nimeuandika upya, na familia wameukubali uchapishwe tena kwa ajili ya siku ya kumaliza msiba. Baada ya tarehe ya kuandikishwa, kabla ya kutajwa kituo chake cha pili, imeingia sentensi moja: kwamba koplo alipiga gita la rithim katika bendi ya dansi ya kambi, na kwamba anasikika katika santuri moja, upande wa kwanza na upande wa pili.